Picha Anayo, Sauti Hana

Mjukuu wangu alinitembelea majuzi akaniambia televisheni yao mpya ina masikio. Ukiiambia "ongeza sauti" inaongeza, ukiiambia "zima" inazima. Nikamwambia hongereni, ila mimi ya kwangu nitaendelea kuibonyeza, maana wa kubishana nami humu ndani wapo wa kutosha. Akacheka, kisha akaniuliza, "Bibi, ni kweli miaka yote ile ulikuwa unatengeneza rimoti tu?" Hilo "tu" lake ndilo limenikalisha hapa. Basi nyinyi mnaojifunza kushika vitu vya watu na kuvitengeneza, vuteni viti. Nitaruka huku na huku, mtanivumilia, kichwa cha mtu mzima hakiendi kwa mstari.

Asili yangu ni Mrangi wa Kondoa, lakini Arusha nimekulia. Kibanda changu kilikuwa Levolosi, kimebanwa kati ya muuza vitenge na kinyozi, na watu waliniita Mama Rimoti hata wale waliolijua jina langu. Wasomi wametuletea neno kitenzambali. Neno zuri, silikatai, lakini sijapata hata siku moja mteja wa kusimama mbele yangu akasema, "Mama, kitenzambali changu kimekufa." Walisema rimoti. Watoto walisema "ya baba," kwa sababu nyumba nyingi ilikuwa mali ya baba, kama kiti chake na kikombe chake, na mtoto aliyeigusa bila ruhusa alijua atakachokutana nacho.

Aliyenifundisha kazi ni Ami Rajabu, mdogo wake baba yangu, fundi redio wa siku nyingi. Aliponiingiza kibandani majirani walimwambia huyu binti ataungua na lehemu. Akawajibu, "Mtu anayesonga ugali wa watu wote nyumbani bila kuungua, ataungua na hiki kisindano?" Yakaishia hapo. Ami hakuwa mtu wa hotuba. Alikuwa na neno lake moja ambalo nimelitumia mpaka nastaafu: usifungue kitu kabla hujakiuliza. Maana yake uulize kwanza. Kimeanza lini, kilianzaje, kilikuwa wapi, nani alikigusa wa mwisho. Fundi mwenye haraka anashika bisibisi, fundi mwenye akili anashika mazungumzo.

Nitawapa mfano. Mama mmoja hapo hapo Levolosi aliniletea rimoti akasema imekufa. Nikaisafisha, nikaijaribu, nzima. Akarudi nayo: imekufa. Nikaijaribu tena, nzima kama mimi. Mara ya tatu alikuja amenuna, nikamwambia twende wote nyumbani kwako nikaione hiyo televisheni. Lahaula! Televisheni imevalishwa vitambaa vya kufuma kuanzia utosini, vyeupe, vina maua na vishada, na kishada kimoja kimening'inia barabara mbele ya jicho la televisheni. Nikakishika kile kishada nikakitupa juu, nikabonyeza, ikawaka. Yule mama hakufurahi hata kidogo. Akaniambia, "Kwa hiyo unataka televisheni yangu ikae uchi mbele ya wageni?" Tukapatana kishada kipandishwe juu, kishonwe kidogo pembeni. Alinisalimia kwa baridi mwaka mzima.

Sasa niwaambie kazi yenyewe ilivyo, maana wengi mmezaliwa mkaikuta. Rimoti inakonyeza. Hakuna uchawi mwingine. Ukibonyeza, kile kitaa kidogo cha mbele kinawaka na kuzima haraka haraka, kwa mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, na jicho la televisheni linauona. Kila kampuni ina mkonyezo wake. Televisheni ya kampuni hii ukiikonyeza kwa mkonyezo wa kampuni ile, inakutazama tu kama mke wa mtu. Na kwa kuwa mwanga ule hatuuoni, Ami alinifundisha kuusikia. Chukua redio ya mkulima, iweke kwenye masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, penye mchakacho mtupu. Sogeza rimoti karibu, bonyeza. Ukisikia trrr, rimoti iko hai, tafuta kosa kwingine. Siku hizi mnaielekeza kwenye kamera ya simu mnaona kitaa kinametameta. Sawa, lakini mimi bado naipenda ile trrr.

Nchi ilipofungua milango ya biashara, televisheni ziliingia kwa fujo. Kabla ya hapo sisi wa bara tulikuwa tunasikia tu kwamba Zanzibar wanayo. Mara ghafla kila mwenye ndugu bandarini analetewa televisheni ya mtumba kutoka Dubai, imefungwa blanketi, imepigwa kamba, inashushwa stendi watu wanapisha. Televisheni inafika, rimoti haipo. Rimoti imebaki Uarabuni chini ya kochi la mtu. Na jina lililoandikwa usoni mwa televisheni hulijui, wala aliyeiuza hakulijua.

Hapo ndipo zikaja rimoti za kuseti, zile zinazokubali televisheni za kampuni nyingi. Sisi mafundi tuliziita kiraka, kama yule mchezaji ambaye kocha akimwambia cheza beki anacheza, akimwambia kaa golini anakaa. Kiraka kilikuja na karatasi ya namba za kampuni, maandishi madogo kama sisimizi, na nusu ya televisheni za Arusha hazikuwemo. Isipokuwemo, unaitafutia. Unabonyeza kitufe cha kuseti mpaka kitaa chekundu kibaki kinawaka. Halafu unabonyeza kitufe cha kuzima, unangoja. Unabonyeza tena, unangoja. Kila ukibonyeza, kiraka kinajaribu mkonyezo mwingine. Televisheni ikizima, simama hapo hapo! Bonyeza kuseti, kiraka kikariri. Wenye papara hubonyeza ta-ta-ta-ta, mkonyezo wa kweli unapita, televisheni inachelewa kuitika, wao wameshavuka, na inabidi waanze upya. Nimewafukuza vijana kibandani kwa ajili ya hiyo ta-ta-ta-ta.

Nimesema nitaruka. Sasa naruka mpaka kwa Mama Elibariki, kwa sababu ukweli ni kwamba haya yote nimeyaeleza ili nifike kwake.

Alikuja asubuhi moja, mama wa Kimeru kutoka Maji ya Chai, amenizidi umri, kitenge kimefungwa vizuri, viatu vina matope ya shamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Mwanamke?"

"Tangu nizaliwe, mama. Karibu."

Akakaa, akakunja mikono mapajani. "Mzee wetu hana sauti," akasema.

Sasa mjue, kwa mafundi televisheni ya siku nyingi inaitwa mzee. Kila siku utasikia, "Lete huyo mzee tumwone." Nami nikaanza kuuliza kama nilivyofunzwa.

"Picha anayo?"

Akafikiri kidogo. "Picha anayo. Anaona vizuri."

"Ilianza pole pole au ghafla?"

"Ghafla. Asubuhi alikuwa anaimba, mchana kimya."

"Pande zote au upande mmoja?"

"Upande mmoja umekufa. Wa kulia."

Nikaona hii ni spika. "Mmejaribu kumpiga?"

"Kumpiga!"

"Si kwa nguvu, mama. Kofi la mgongoni tu. Wapo wanaoitika wakipigwa."

"Wewe dada!"

"Basi usihangaike. Mlete hapa nimfungue mgongo, nimpulize vumbi, jioni atakuwa anaongea."

Mama yule akanitazama, na macho yake yakajaa maji. "Mwanangu," akasema taratibu, "hospitali wamesema hataongea tena."

Yarabi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, nikamwambia nisamehe mama yangu, nilidhani unasema televisheni. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Anacheka huku machozi yanashuka, anajifuta kwa upande wa kitenge. "Umpige kofi la mgongoni," akasema. "Nitamweleza. Yule alikuwa fundi wa kucheka."

Akanieleza. Mumewe, Baba Elibariki, alikuwa mwimba besi wa kwaya usharikani kwao. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na maneno yote. Kichwa chake kizima, anaelewa kila kitu, ila mdomo hautoi neno. Walikuwa wanaishi wawili tu. Mchana Mama Elibariki yuko bandani kwa ng'ombe, au bondeni anakata majani, na mzee yuko sebuleni kwenye kiti. Siku moja aliteleza akaanguka chini, hakuweza kuita. Mkewe aliporudi na mzigo wake wa majani alimkuta sakafuni, baridi imemwingia, shavu liko kwenye saruji. Mtoto wao Elibariki, aliyekuwa anafanya kazi Dar, aliposikia alisema basi, baba haachwi tena peke yake, nakuja kumchukua. Nyumba yake ya kupanga ilikuwa ndogo. Mama abaki na shamba na ng'ombe, baba aende.

"Simlaumu," akaniambia. "Anampenda baba yake. Lakini mimi na huyu mwanamume tangu tuoane hatujalala nyumba mbili, isipokuwa nikienda kujifungua. Nimlaze Dar, mimi nilale Maji ya Chai? Nitalalaje?"

Nikamuuliza kama wamejaribu kengele. Wamejaribu. Alimpa kengele ya ng'ombe, na Baba Elibariki akaitazama, akaitazama, kisha akaivurumisha nje kwa mkono wake wa kushoto ikaenda kugonga tenki la maji. Mtu aliyeimba besi maisha yake yote avalishwe kengele. Sikumlaumu hata mimi.

"Ila kuna kitu nimekiona," akasema. "Juzi mtoto wa jirani aliingia akaongeza televisheni mpaka mwisho. Mimi niko bondeni, nikasikia kila neno. Nikasema, mzee hana sauti, lakini televisheni inayo. Mtengenezee rimoti, mwanangu. Aazime sauti ya televisheni."

Wanangu, nimekaa na mafundi wa kila namna. Hakuna aliyewahi kunipa wazo la kazi lililonyooka kama lile. Nilifunga kibanda siku hiyo hiyo.

Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya barabara, migomba mbele, banda la ng'ombe nyuma. Baba Elibariki alikuwa mwanamume mkubwa, amekijaza kiti, mkono wa kulia umelala pajani. Nikamwamkia, akanyanyua mkono wa kushoto kuitikia. Mkewe akamsimulia palepale, mbele yangu, habari ya kofi la mgongoni. Nusu ya uso wake ikacheka, na jicho likatoka machozi, nami nikajua tutaelewana.

Televisheni ilikuwa mtumba wa Dubai aliouleta Elibariki mwenyewe, yenye jina ambalo sijaliona kabla wala baada yake. Kwenye karatasi haimo. Nikaanza kutafuta: bonyeza, ngoja, bonyeza, ngoja. Mzee alikuwa ananitazama vidole, hatazami televisheni. Ilipozima, nikakaririsha, nikamwambia, "Umeona nilivyofanya, baba?" Akafumba macho na kufumbua, ndiyo yake ilikuwa hiyo.

Kisha nikaitengeneza ile rimoti kwa ajili ya mkono wake. Nikakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli nikakivingirisha kiunoni mwa rimoti, isiteleze kwenye kiganja. Kwenye kitufe cha kuongeza sauti nikagandisha kipande cha njiti ya kiberiti, dole gumba likitambue bila macho. Vitufe asivyovihitaji nikavifunika kwa gamba la plastiki, nikabakiza vya sauti, cha kuzima na cha kuseti. Mnisikilize hapa, vijana: kitu kikiwa kizima mezani kwako hakijawa kizima. Kinakuwa kizima mkononi mwa mwenyewe.

Nikamwambia, "Mwite." Mama alikuwa ametoka kwenda bandani. Mzee akabana njiti kwa dole gumba, sauti ikapanda, ikapanda, mtangazaji wa habari akaanza kunguruma mpaka vikombe vikalia kabatini. Na kutoka bandani tukasikia, "Bee!"

Mnajua bee. Mwanamke akiitwa na mumewe, au na mkubwa wake, anaitika bee. Haitiki hivyo akisikia redio, wala mbuzi, wala gari. Mama Elibariki aliingia anakimbia, mikono ina maziwa, na mzee akashusha sauti pole pole akimtazama mkewe. Mimi nilijifanya natafuta bisibisi chini ya meza. Niliondoka pale na kabichi na maziwa, na tangu siku hiyo kila nilipopata salamu za Maji ya Chai niliambiwa mzee anaita na mama anaitika, hata kwa jambo dogo, hata kwa nzi tu.

Halafu asubuhi moja, kabla sijamaliza kufungua kibanda, namwona Mama Elibariki amesimama nje, hajanisalimia, anahema.

"Imekufa," akasema. "Imekufa, na Elibariki anafika leo na gari."

Nikaichukua. Nikaiweka karibu na redio, nikabonyeza. Trrr. Iko hai. Nikakumbuka: usifungue kitu kabla hujakiuliza.

"Mama, nani ameigusa?"

"Hakuna. Mimi tu. Niliona imeanza kuchoka, nikatoa betri nikazianika."

"Ukazianika wapi?"

"Juu ya bati, juani. Kutwa nzima. Zimerudi na nguvu kweli."

Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Msicheke, nyinyi. Bibi zenu wote wamezianika betri juani, na mama zenu wakazing'ata, na kwa redio ilisaidia kidogo, tunapata taarifa ya habari mpaka mwisho. Lakini vile viraka vya kwanza kumbukumbu yao ilikuwa betri. Ukizitoa ukakawia kurudisha, kinasahau kila ulichokifunza. Mikonyezo kinayo, ila hakijui tena wa televisheni yako ni upi. Mama wa watu kwa kutunza, amekifuta.

"Nimemfuta mume wangu sauti," akasema nilipomweleza, na akakaa chini pale pale mlangoni, kwenye vumbi.

Nikamwinua. Nikachukua betri mpya, tukapanda gari la kupita Tengeru kwenda Maji ya Chai. Alishika mkono wangu mpaka tulipoteremka.

Elibariki alikuwa ameshafika. Pikapu ya kuazima iko uani, godoro limetandikwa nyuma, blanketi, mto. Kijana mpole, macho mekundu kwa safari. Akaniamkia vizuri, akamwamkia mama yake. Nguo za baba zilikuwa zimeshakunjwa ndani ya begi.

"Mama, nimesikia kuhusu hiyo rimoti," akasema. "Ni kitu kizuri. Lakini leo haifanyi kazi, sivyo? Leo angeanguka ingekuwaje?"

Mama alichukua panga na kamba akatoka kwenda kukata majani, maana ng'ombe hakujua kama kuna msiba wa aina hiyo, alikuwa analia njaa. Mimi nikatia betri mpya, nikakaa karibu na kiti cha mzee, nikaanza kutafuta. Bonyeza, ngoja. Bonyeza, ngoja. Na nawaambieni ukweli, nikajikuta na mimi naenda ta-ta-ta kama wale niliowafukuza.

Mkono wa kushoto wa mzee ukanishika kifundo. Hakuvuta, alikishika tu. Kisha akanyoosha kiganja.

Nikampa.

Akabonyeza, akangoja. Akabonyeza, akangoja. Waimba besi wanajua kungoja; sauti nyingine zinakimbia huko juu, wao wanakaa kimya mpaka zamu yao. Elibariki alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameshika ule mkono uliolala, anamsemesha kwa upole. "Baba, si kwamba nakutenganisha na mama. Nitakuleta sikukuu. Dar kuna madaktari, kuna watu nyumbani muda wote. Nikikuacha hapa, kila simu ikilia ofisini nitadhani ni habari zako." Aliendelea, baba yake akimtazama usoni kwa huruma kabisa, na dole gumba likibonyeza, likingoja. Televisheni ilikuwa inaonyesha tangazo la sabuni ya kufulia.

Ghafla kioo kikawa cheusi. Kimya.

"Umeme umekatika tena," akasema Elibariki, akageuka kutazama taa.

"Haujakatika," nikamwambia. "Baba yako ameizima."

Dole likasogea kwenye kitufe cha kuseti, kama nilivyofanya mimi siku ile alipokuwa ananitazama vidole. Kitaa chekundu kikazimika. Amekaririsha. Akaiwasha tena, akatafuta njiti kwa dole, akabana. Sabuni ikaanza kunguruma. Povu jingi! Weupe wa kung'aa! Vikombe vinalia, bati linatetemeka, kuku wametoka mbio uani, Elibariki ameziba masikio, na mzee hajaachia, amebana mpaka mwisho wa sauti ya mashine ile.

Kutoka bondeni, mbali, tukasikia, "Bee!"

Elibariki akaondoa mikono masikioni.

"Bee, Baba Elibariki! Nakuja! Nakuja, bee!"

Alitokea mlangoni hana panga wala kamba, majani yamemganda kwenye kitenge, kiatu kimoja kimebaki huko. Alimpita mwanawe, akanipita mimi, akainama kwenye kile kiti. "Nini, baba? Kiu? Mgongo?" Mzee akashusha sauti mpaka ikaisha. Akafumba macho, akafumbua. Hakuwa na kiu. Alimtazama mkewe, kisha akatazama kigoda kilichokuwa pembeni ya kiti chake, na mama akaelewa, akakaa. Ni hilo tu alilomwitia. Mwanawe alikuwa anazungumza mambo yao, na yeye alitaka mkewe awepo.

Elibariki alibaki amepiga magoti vilevile. Nadhani tangu utotoni alikuwa amesikia mama yake akiitika hivyo, labda kila siku ya maisha yake, na hakutegemea kuisikia tena ndani ya nyumba ile. Alilia bila kujificha. Kisha akainuka, akatoka. Nikasikia mlango wa gari, nikasema moyoni, Mungu wangu, anawasha.

Hakuwasha. Alirudi amebeba godoro begani. Akalirudisha chumbani, akarudisha na mto, na begi la nguo. Akatoka tena kwa miguu kwenda dukani barabarani, na aliporudi alikuwa na katoni ya betri, katoni nzima, kama anakwenda kufungua duka. Akaiweka mezani mbele ya mama yake.

"Mama," akasema, "hizi ukizianika tena juani, nitakayekuja kumchukua ni wewe."

Mama akamrushia upande wa kitenge, akamwambia mtoto hana adabu huyu, na ng'ombe utamkamua wewe? Elibariki akajibu, mama akajibu, wakaanza kubishana kwa furaha wote wawili kwa mpigo, habari za ng'ombe, habari za mtu wa kusaidia kukata majani, habari za simu, nami nikachangia yangu, mpaka hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake.

Sabuni ikanguruma tena, mpaka mwisho.

Sote tukamgeukia mzee. Mama Elibariki akaweka mkono juu ya goti la mumewe.

"Bee, baba," akasema. "Tumekusikia."